Osheni Kwanza, Ndipo Mpake

Enyi wenye magari wa Goma! Ninyi mnaotoka Himbi asubuhi na RAV4 ya miaka ya 90 yenye bampa ya kijivu, nanyi mnaoegesha Katindo magari ambayo plastiki zake za kuzunguka magurudumu zimepauka hadi kukaribia weupe: nisikilizeni. Acheni kupaka mafuta machafu ya injini!

Tunajuana. Jumamosi kuna harusi, basi mtu anamwendea fundi, anaomba mafuta yaliyomwagwa kutoka kwenye injini, anachovya tambara na kupaka juu ya vumbi la wiki nzima. Bampa inakuwa nyeusi tii, majirani wanasifu. Gari likishika barabara ya Sake, kabla ya Mugunga vumbi limeshaganda juu ya yale mafuta, na bibi arusi akishuka, gauni lake jeupe linafuta sehemu iliyobaki. Yesu aliwakemea watu akiwafananisha na makaburi yaliyopakwa chokaa. Sisi tumebadilisha rangi tu.

Kijivu kile si uchafu, wapendwa. Plastiki hiyo huchanganywa na masizi kiwandani, ndiyo maana ni nyeusi hadi ndani. Jua huvunjavunja ngozi yake ya juu, zikatokea nyufa ndogo zisizoonekana kwa macho. Nyufa hizo hutawanya mwanga, nawe ukaona kijivu. Na jua letu halina huruma: tuko karibu na ikweta, mita 1,500 hivi juu ya bahari, ambako hewa ni nyepesi na haichuji miale kama kule pwani. Mafuta machafu hujaza nyufa kwa siku chache, mvua ikayaondoa. Yamebeba masizi ya injini na chembe za chuma, yanaingia kwenye ngozi ya mikono yako, yanavimbisha mpira wa madirisha, kisha yanateremka na mtaro hadi Ziwa Kivu, tunakochota maji. Hilo la ziwa peke yake lingetosha kukufanya uangushe tambara!

Tubuni, basi, kwa ndoo na sabuni. Kwanza mwagieni maji mengi bila kusugua. Vumbi la Goma ni jiwe la volkano lililosagwa na magurudumu. Lava ya tarehe 17 Januari 2002 ilikatiza katikati ya mji hadi ziwani, na hadi leo tunaikanyaga. Punje zake zina makali, ukizisugua kavu unakwaruza na rangi ya mlango. Zikishatoka, ndipo sabuni na brashi laini, na mswaki wa zamani kwa vile vijishimo vya plastiki ambamo nta nyeupe ya kung'arishia gari hujificha. Suuza, rudia, hadi povu litoke safi. Iache ikauke kabisa, kivulini. Hapa ndipo wengi huanguka, kwa haraka.

Ndipo upake dawa ya plastiki inayouzwa kwenye maduka ya vipuri, kidogo sana, kwa sponji, ukifuta ziada kwa kitambaa kikavu. Ile ya silikoni itadumu wiki kadhaa za mvua zetu. Ile inayokauka ikawa ngumu hudumu zaidi, ila haisamehe: ukiipaka juu ya mafuta itabanduka vipande vipande. Nanyi mnaopaka bampa kiwi ya viatu, waachieni wenye viatu.

Na ninyi mnaopitisha moto juu ya bampa! Weusi unarudi, sikatai, kwa sababu ngozi ya juu imeyeyuka kidogo. Lakini plastiki hii huyeyuka kwenye nyuzi 160 hivi, na moto wa gesi unapita hapo mara nyingi. Ukisita kidogo tu, yale mawimbi madogo ya kiwandani kwenye uso wa plastiki yanalainika, na hakuna fundi Birere nzima wa kuyarudisha.

Kijana anayekuoshea gari ana njaa ya mteja anayefuata. Mwambie mapema kwamba utamlipa na muda wa mswaki, kisha umlipe kweli.