Nywele za Kipilipili Zinaumwa Nini?



Wanafunzi wengi wa Kampasi ya Mutanga hupita Nyakabiga kila siku, na mitaa hiyo haikosi saluni. Kwa Kiswahili chetu, krimu ya kunyoosha nywele huitwa dawa. Tumelizoea neno hilo hata hatulishangai. Lakini dawa ni ya mgonjwa. Je, nywele za kipilipili zinaumwa nini?

Swali hili si la saluni tu. Tunaposema tunatafuta mafuta au sabuni ya nywele "inayotufaa", tunaweza kukusudia mambo mawili. La kwanza ni kitu kinachoendana na nywele tulizopewa. La pili ni kitu kitakachozilazimisha nywele zetu zifanane na za mwingine. Mwenye kununua kiatu huchagua kinachomwenea. Hakati mguu ili uenee kiatu.

Dini yetu haidharau nywele. Mtume (s.a.w.) ameagiza kwamba mwenye nywele azikirimu, na pia amekataza mtu kushughulika na kuzichana kupita kiasi. Umm Salama (r.a.) alimuuliza kuhusu misuko yake wakati wa josho la janaba, akajibiwa kuwa hana haja ya kuifumua, inatosha ajimwagie maji kichwani mara tatu. Basi asiseme mtu kwamba nywele zikishafunikwa kwa hijabu hazina haki. Kinachotunzwa kwa ajili ya macho ya watu tu hakijakirimiwa. Yaliyokirimiwa ni macho ya watu.

Kukirimu kunahitaji kujua. Unywele wetu umejikunja, kwa hiyo mafuta yatokayo kwenye ngozi ya kichwa hayashuki kwa urahisi hadi ncha. Ndiyo maana hukauka na kukatika. Sabuni ya kipande ina ukali wa magadi na huzidi kuzikausha. Zinahitaji sabuni ya upole, maji, kisha mafuta ya kuyahifadhi maji hayo. Mafuta ya nazi yana sifa ya kupenya ndani ya unywele na kupunguza upotevu wa protini. Misuko inayokazwa sana hung'oa nywele za kwenye paji la uso. Na jeli inayokauka ikawa tabaka iondolewe kabla ya kuoga janaba, maji yafike. Haya yote si ghali.

Sasa tuitazame hiyo "dawa". Nyingi hutengenezwa kwa sodiamu haidroksaidi, kemikali ileile inayotumika kutengenezea sabuni na kuzibulia mabomba. Huvunja viungo vya ndani vinavyoupa unywele umbo lake, na ikikaa kichwani kupita muda huunguza ngozi. Mwezi Oktoba 2022 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya kufuatilia wanawake 33,497 kwa karibu miaka 11. Waliotumia bidhaa za kunyoosha nywele zaidi ya mara nne kwa mwaka walikadiriwa kuwa na uwezekano wa asilimia 4.05 wa kupata saratani ya mji wa mimba kufikia umri wa miaka 70; wasiozitumia, asilimia 1.64. Uhusiano huo peke yake hauthibitishi kwamba krimu ndiyo sababu. Lakini kwa Muislamu anayejua kanuni ya kutojidhuru wala kudhuru wengine, unatosha kumfanya asite.

Atasema mtu: wapo wanazuoni walioruhusu kunyoosha nywele. Ni kweli, na sharti lao ni kusiwe na madhara. Sikusudii kumhukumu dada yeyote. Mwingine anataka tu wepesi wa kuchana asubuhi kabla ya kipindi, na hiyo ni haja inayoeleweka. Ila ruhusa haijibu swali la moyo: kwa nini nywele za singa tunaziita "nzuri", na zetu "ngumu"? Nani alitufundisha kupanga daraja katika alichokiumba Allah (s.w.)? Msichana anayesikia tangu utotoni kwamba kichwa chake kinahitaji dawa hujifunza kwamba alizaliwa na kasoro. Somo hilo halitoki kwa kuoshwa.

Nasi wanaume tumo. Tukiwasifu dada na wachumba kwa nywele zilizonyooka tu, sisi ndio tunaoandika cheti cha daktari.

Basi kabla ya kununua kopo lolote, tujiulize matatu: Je, kinazitunza nywele nilizopewa? Je, hakinidhuru? Je, ningekitumia hata kama hakuna atakayeniona? Likijibika la tatu kwa ndiyo, hapo tumeanza kuikirimu amana, si kuiomba radhi.

Na Allah ndiye Mjuzi zaidi.