Mtoto Akisema Kifua Kinamuuma

Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na methali hiyo tumeigeuza kisingizio cha kutomsikiliza mtoto. Mtoto wa Iguguno, pale kando ya barabara ya Singida kwenda Nzega, akishika kifua baada ya kubeba ndoo ya maji na kusema kinachoma, wakubwa humtazama akicheza jioni wakahukumu kwamba alikwepa kazi. Swali hapa si la tiba tu, ni la haki: je, neno la mtoto ni ushahidi, au halina uzito mpaka kipimo kiliunge mkono? Nashikilia kuwa ni ushahidi, tena wa kwanza. Maumivu mengi ya kifua kwa watoto hayatoki moyoni. Mara nyingi ni misuli iliyochoka, kikohozi kilichokaa sana, pumu, au gegedu zinazounganisha mbavu na mfupa wa katikati ya kifua. Bonyeza hapo taratibu kwa kidole kimoja. Mtoto atashtuka, aseme "hapohapo". Moyo wake ni mzima na bado anaumia kwelikweli. Sisi tumezoea kudhani kwamba pasipo hatari hapana maumivu.

Atasema mtu kwamba watoto hudanganya, na nauli ya kwenda mjini haiokotwi. Kweli, wapo wanaodanganya. Lakini kumsadiki mtoto si kumpakia kwenye basi. Ni kumuuliza: kinauma ukikimbia? Umewahi kuzimia? Kisha mvue shati, hesabu pumzi zake dakika nzima akiwa ametulia. Kwa mtoto wa mwaka 1 hadi 5 mwenye kikohozi, pumzi 40 au zaidi ni safari ya zahanati leo hii. Na kifua kinachouma mtoto akikimbia, au kinachoambatana na kuzimia, nacho hakingoji kesho. Wengine watasema mgonjwa ni wa Mungu. Naam, na mdomo wa kusemea maumivu amempa Mungu huyohuyo.

Na si kifua tu kinachohitaji kusikilizwa. Homa ya baridi yabisi, ambayo huharibu vali za moyo, huwapata hasa watoto wa miaka 5 hadi 15, na hutanguliwa na koo kuuma. Koo likitibiwa mapema kwa penisilini, moyo hunusurika. Likiachwa, safari yaweza kuishia Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Koo hilo hakuna mkubwa alijuaye mpaka mtoto aseme. Aliyeambiwa mwaka jana "huna kitu, nenda ukachote maji", atalisema kwa nani?