Nani Hulipa Gharama ya Uhai?

Anayeamini kwamba Mungu ni mwema hana budi kujiuliza: mbona wasio na hatia huteseka? Vita na wizi twaweza kuvieleza kwa hiari ya binadamu. Lakini ugonjwa anaozaliwa nao mtoto haukutokana na hiari ya mtu yeyote.

John Polkinghorne alikuwa profesa wa fizikia huko Cambridge, Uingereza. Mwaka 1979 aliacha kiti hicho akasomea ukasisi wa Kianglikana, na mwaka 1982 akawa kasisi. Fizikia ya zamani iliufananisha ulimwengu na saa, ambayo kila gurudumu lake huzunguka kama lilivyopangwa. Fizikia ya karne ya 20 ilionyesha kwamba katika chembe ndogo kabisa mambo mengi hayakuamuliwa mapema. Polkinghorne akafundisha kwamba Mungu ameupa ulimwengu uhuru wa kujiendeleza. Mabadiliko ya vinasaba yaletayo viumbe wapya ndiyo pia yaletayo saratani. Huwezi kupata hili ukaepuka lile.

Huku kwetu tunao mfano ulio wazi. Mwaka 1954 Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alitoa ushahidi kutoka Afrika Mashariki kwamba aliyerithi kinasaba cha selimundu kwa mzazi mmoja hupata kinga dhidi ya malaria. Aliyekirithi kwa wazazi wote wawili huugua selimundu yenyewe: damu hupungua, mifupa huuma, na wengi hufa wangali wadogo.

Tazama basi, ndugu msomaji: anayekingwa ni mmoja, anayelipa ni mwingine. Hoja ya uhuru wa ulimwengu yaeleza kwa nini gharama ipo. Haielezi kwa nini ailipe mtoto huyu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Polkinghorne mwenyewe hakuishia kwenye hoja. Aliuelekea msalaba, ambapo Mungu alijiunga na wanaoumia.

Nami naongeza jambo moja. Huenda wengi wetu tupo hai kwa sababu bibi na babu zetu waliponea malaria kwa kinga hiyo. Kama ndivyo, mtoto mwenye selimundu si fumbo la kujadiliwa tu, bali ni mtu anayetudai. Deni hilo hulipwa kwa kuchangia damu, kwa dawa, kwa kupima kabla ya ndoa, na kwa kukesha na mama yake. Imani inayojibu swali hili kwa maneno matupu bado haijalijibu.