Mtoto Hujifunza Kutunza kwa Kututazama

Mama yangu alipokuja mjini kutibiwa, alikaa kwetu wiki tatu. Jioni moja nilimwambia mwanangu wa miaka kumi na miwili ampelekee bibi yake uji chumbani. Akaniuliza, tena bila ukorofi wowote, "Kwani dada hayupo?" Nilitaka kumkaripia, nikajizuia. Katika siku zote zile hakuwa ameniona hata mara moja nimeshika kikombe cha uji. Mimi nililipia dawa. Mengine yote tulimwachia dada wa kazi.

Sisi wazazi tumeanza kuamini kwamba kutunza ni kutoa pesa. Ndugu akiugua kijijini, tunamtumia kwa simu na ya kutolea juu. Kukiwa na msiba, tunatanguliza rambirambi, kisha tunafika saa ya maziko na kuondoka. Msaada huo si wa kubezwa, maana wengi wetu tunatafuta riziki mbali na kwetu. Lakini pesa inayopita kwenye simu, mtoto haioni. Anachokiona ni baba aliyekaa kwenye kochi, na hicho ndicho anachokiiga.

Lawama si ya nyumba zetu peke yake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ilimpa mama siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo; baba ikampa siku 3. Siku 3 hazitoshi hata kuzoea kumwogesha mtoto mchanga. Baba anarudi kazini akiwa ameshafundishwa kwamba malezi ni kazi ya wanawake. Na huyo dada tunayemkabidhi watoto wetu, wakati mwingine watoto wake mwenyewe amewaacha kwa bibi yao.

Taifa letu halikuanza hivyo. Mwaka 1962, Mwalimu Nyerere alipoueleza ujamaa, aliujenga juu ya ukoo wa Kiafrika, ambamo kila mwenye nguvu hufanya kazi na hakuna anayeachwa na njaa. Wazo hilo halijafa: Zanzibar, mwaka 2016, ilianza kuwalipa Pensheni Jamii wazee wa miaka 70 na zaidi, bila kuuliza nani aliwahi kuajiriwa na nani alikuwa mvuvi au mkulima. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamgusa mtoto mwenyewe: awaheshimu wazazi na wakubwa wake, na awasaidie wanapohitaji.

Hata hivyo, sheria hutungwa na watu, na watu hao leo wako sebuleni kwetu. Kesho ndio watakaoketi kwenye halmashauri na bungeni kuamua juu ya zahanati, likizo na pensheni. Asiyewahi kumwinua mgonjwa kitandani ataviona vitu hivyo kuwa matumizi ya kupunguzwa.

Kwa hiyo wajibu wetu uko wazi. Baba aingie jikoni na katika chumba cha mgonjwa, watoto wakiona. Twende nao msibani, tuwape kazi ya kuchota maji au kuosha vyombo, wa kiume sawasawa na wa kike. Mtoto akikwepa zamu yake, asipigwe wala asibembelezwe. Aifanye, nasi tusimame naye mpaka aimalize. Dada wa kazi alipwe kwa wakati na apumzike, kwa sababu jinsi tunavyomtendea anayetutunza ni somo pia. Na wagombea wakija kuomba kura, tuwaulize kuhusu zile siku 3.

Jioni ile uji niliupeleka mwenyewe, nikamwita mwanangu amshike bibi yake mgongoni nami nimnyweshe. Hakujua mikono aiweke wapi. Mimi nami sikujua kikombe nikiinamishe kiasi gani. Ilibidi mama, kwa sauti yake ya ugonjwa, atuelekeze sote wawili.