Takhfifu ya Mwenyezi Mungu kwa Mama Mzazi

Katika Surat Luqman, aya ya 14, Mwenyezi Mungu anamuusia mwanadamu kuwatendea wema wazazi wake wawili, kisha anamrejea mama peke yake na kueleza kwamba alimchukua mwanawe katika udhaifu juu ya udhaifu, na kwamba kumwachisha ziwa hutimia katika miaka miwili. Mimba na uchungu wa kuzaa hutajwa sana katika hotuba, na ni haki yavyo kutajwa, lakini kipindi kinachofuata, hasa mwaka ule wa kwanza ambao mama anajifunza kuwa mama huku mwili wake haujapona, hupitwa haraka kana kwamba kazi ilikwisha siku mtoto alipolia kilio chake cha kwanza.

Neno takhfifu hutumiwa na wanavyuoni kwa maana ya kupunguziwa mtu mzigo wa hukumu pale penye mashaka, kama msafiri anavyopunguza sala na mgonjwa anavyosali kwa kukaa. Anayezichunguza hukumu zinazomhusu mzazi, kwa maana ya mwanamke aliyejifungua karibuni, ataona kwamba sheria imemwekea takhfifu nyingi, na ataona pia, kwa masikitiko, kwamba watu wa nyumba yake humrudishia mzigo ule ule ambao Mola wake ameutua.

Ya kwanza ni hukumu ya nifasi, ambayo ni damu itokayo katika mfuko wa uzazi baada ya kujifungua, iwe kwa njia ya kawaida au kwa upasuaji. Katika siku hizo mama hasali wala hafungi. Sala zilizompita hatazilipa kabisa, na saumu za Ramadhani atazilipa siku nyingine. Kwa mujibu wa madhehebu ya Imam Shafi, yanayofuatwa na Waislamu walio wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, nifasi haina uchache maalumu, mara nyingi huwa siku 40, na wingi wake hauzidi siku 60, ilhali Mahanafi na Mahanbali wameuweka ukomo wake kwenye siku 40. Hapa ndipo desturi ya arobaini ilipochanganyika na sheria, kwani wapo kina mama ambao damu imekatika siku ya 20 au ya 25, nao wakaambiwa na wakubwa wao wasiusogelee msala mpaka arobaini itoke, wakaacha faradhi za majuma mawili au zaidi bila udhuru wowote. Arobaini ya kupumzika, kukandwa kwa maji ya moto, kufungwa tumbo kwa kanga na kunyweshwa uji wa pilipili manga ni desturi njema inayostahili kuenziwa, lakini si kipimo cha tohara. Damu ikikatika, mama ataoga josho la nifasi na kusali; na ikiwa kidonda cha upasuaji hakiruhusu maji, ataosha sehemu zilizo nzima na kutayamamu, yaani kupaka uso na mikono kwa udongo ulio tohara, kwa ajili ya ile sehemu yenye kidonda. Wakati nifasi inaendelea, milango ya dua, tasbihi na kumswalia Mtume haikufungwa, na mama anayemnyonyesha mwanawe huku ulimi wake ukimtaja Mola wake yumo katika ibada.

Jambo hili la ibada linahitaji kukaliwa kidogo, kwa sababu ndilo linalowaliza kina mama wengi kimyakimya. Saa nane za usiku nyumba nzima imelala, na mama ameketi ukingoni mwa kitanda, kanga ya mabegani imelowa maziwa aliyocheua mtoto, mkono uliobeba kichwa chake umekufa ganzi, naye anasubiri pumzi ile ndogo itulie ndipo amlaze. Akimlaza tu, mtoto huangua kilio upya. Adhana ya Alfajiri humkuta macho mekundu, akasali rakaa zake mbili asijue kama Alhamdu ameisoma mara moja au mbili, na moyoni akajiona amerudi nyuma, yeye aliyekuwa akiamka kwa tahajudi, yaani sala ya usiku, na kukhitimisha juzuu kila wiki. Mama huyu aelezwe kwamba Mtume (S.A.W.) amefundisha, katika hadithi iliyopokewa na Abu Musa (R.A.), kuwa mja anapougua au kusafiri huandikiwa mfano wa amali alizokuwa akizifanya alipokuwa mzima na mkazi, na rehema ya Mwenyezi Mungu haidhaniwi kumbana mwanamke aliyeziacha sunna zake kwa ajili ya kumlinda kiumbe asiyeweza hata kugeuza shingo. Aelezwe zaidi ya hapo kwamba Mtume mwenyewe alikuwa akiingia katika sala naye ameazimia kuirefusha, akasikia mtoto analia, akaifupisha kwa kuchelea kumtia mama yake mashaka. Imamu wa maimamu, mbele ya safu za masahaba, aliibadilisha sala ya jamaa nzima kwa sababu ya kilio cha mtoto mmoja na moyo wa mama mmoja. Basi ni nani leo, baba mkwe au wifi au jirani, mwenye haki ya kumkaripia mama kwa sababu mtoto amelia usiku?

Kuhusu kunyonyesha, wanavyuoni wa Kishafi, akiwemo Imam Nawawi katika kitabu chake Minhaj, wamesema kuwa ni wajibu wa mama kumnyonyesha mwanawe dang'a, ambayo ni yale maziwa mazito ya manjano yanayotoka siku za mwanzo, kwa kuwa uhai wa mtoto kwa kawaida hausimami bila hayo. Wanafikihi hao waliandika karne nyingi kabla ya wataalamu wa afya kubaini kwamba dang'a imebeba kinga dhidi ya maradhi, na bado zipo nyumba ambazo bibi huamuru ikamuliwe na kumwagwa kwa kuiona ni maziwa machafu, mtoto akapewa maji ya sukari. Wataalamu wanahimiza maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6, kisha chakula cha kulikiza huku kunyonya kukiendelea mpaka miaka 2, na muda huo wa mwisho ndio uliotajwa katika Surat Al-Baqara, aya ya 233, kwa mwenye kutaka kutimiza kunyonyesha.

Aya hiyo hiyo, hata hivyo, ina mambo ambayo kina baba hawayasikii sana. Imembebesha baba chakula na mavazi ya mama anayenyonyesha, kwa wema na kwa kadiri ya uwezo wake. Imekataza mama asidhuriwe kwa sababu ya mwanawe. Na imeifanya hata hatua ya kumwachisha mtoto ziwa kuwa jambo la kuridhiana na kushauriana baina ya wawili hao, si amri ya mmoja. Maana yake ni kwamba sahani ya mama ni sehemu ya nafaka, yaani matumizi ya lazima ambayo mume atayaulizwa, na mume anayenunua maziwa ya kopo kwa fahari huku mkewe anashindia chai na muhogo hajaielewa aya. Bibi Aisha (R.A.) alipoulizwa juu ya mwenendo wa Mtume nyumbani, alieleza kwamba alikuwa katika kuwatumikia watu wa nyumba yake mpaka wakati wa sala ulipofika, kwa hiyo kufua nepi, kumbeba mtoto mama apate usingizi wa saa mbili, au kuwapunguza wageni wanaokuja kumtazama mwana na kukaa hadi usiku, ni sunna iliyo karibu sana na mkono wa kila mume.

Lipo jingine linaloumiza zaidi. Katika sehemu nyingi za Tanzania imeenea itikadi ya kubemenda, ambayo ni dhana kwamba wazazi wakikutana kimwili kabla mtoto hajaachishwa ziwa, au mmoja wao akitoka nje ya ndoa, mtoto hudhoofu, huharisha na kuchelewa kutembea, na lawama ya jambo hilo humwangukia mama kabla ya mtu mwingine yeyote. Waarabu nao walikuwa na hofu ya namna hiyo, wakaiita ghila, yaani mume kumwendea mkewe naye ananyonyesha. Imepokewa na Judama bint Wahb (R.A.) katika Sahih Muslim kwamba Mtume (S.A.W.) alikaribia kuikataza, kisha akakumbuka kuwa Warumi na Wafursi wanaifanya na haiwadhuru watoto wao, basi hakuikataza. Zina ni haramu kwa dalili zake nyingine zilizo wazi, na haihitaji kusingiziwa maradhi ya mtoto ili iwe haramu. Lakini mtoto anayekonda apelekwe kliniki akapimwe uzito, atazamwe malaria na upungufu wa lishe, wala mama yake asikalishwe kikao cha ukoo na kuulizwa amefanya nini, kwani kumtuhumu mwanamke aliyejisitiri bila ushahidi ni katika madhambi makubwa, hata ikisemwa kwa mafumbo jikoni.

Huzuni ya baada ya kujifungua nayo imefunikwa na aibu isiyo na msingi katika dini. Bibi Maryam (A.S.), mwanamke aliyetakaswa na kuteuliwa, alipofikwa na uchungu chini ya mtende alitamani lau angelikufa kabla ya hayo na kusahauliwa kabisa, kama inavyosimuliwa katika Surat Maryam kuanzia aya ya 23, na jibu lililomjia halikuwa karipio la kukosa subira. Aliambiwa asihuzunike, akaonyeshwa kijito cha maji chini yake, akaelekezwa kwenye tende mbivu, akaambiwa ale, anywe na atulize jicho lake, tena akaondolewa wajibu wa kujieleza kwa watu. Mama wa Nabii Musa (A.S.) naye, katika Surat Al-Qasas, aya ya 10, moyo wake ulikuwa mtupu, na angeliidhihirisha siri yake lau Mwenyezi Mungu asingeliutia nguvu. Ikiwa hali hizi ziliwapata wanawake waliopata wahyi na kusemeshwa na malaika, vipi mwanamke wa leo ahukumiwe kuwa hana imani kwa sababu analia?

Ieleweke kwamba simanzi inayoanza siku chache baada ya kujifungua mara nyingi huondoka yenyewe kabla ya wiki 2 kupita. Ikizidi hapo, mama akakosa usingizi hata mtoto anapolala, akakosa hamu ya chakula, akajiona hafai au akawa haoni upendo wowote kwa mwanawe, huenda hiyo ikawa sonona, ambayo ni maradhi ya huzuni nzito yenye matibabu. Na Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa takriban asilimia 13 ya wanawake waliojifungua karibuni hupatwa na maradhi ya akili, hasa sonona. Kisomo cha Qur'ani na dua ni dawa, na kwenda hospitali pia ni kumtii Mtume aliyeamrisha watu watafute matibabu. Mama anayesema anataka kujidhuru au kumdhuru mtoto asiachwe peke yake hata kwa saa moja, na apelekwe kwa daktari siku hiyo hiyo.

Jukumu hili la kumpunguzia mama mzigo halikomei mlangoni mwa nyumba. Wanahistoria wamepokea kwamba Sayyidna Umar (R.A.), alipokuwa akilinda msafara wa wafanyabiashara usiku mjini Madina, alisikia mtoto analia, akamwendea mama yake zaidi ya mara moja kumsihi amtulize, na mama, asiyejua anazungumza na nani, akamweleza kwamba anamlazimisha mtoto kuacha ziwa kabla ya wakati, kwa kuwa Umar hawapi posho ila watoto walioachishwa. Umar alisalisha Alfajiri siku hiyo huku kisomo chake hakisikiki vizuri kwa kilio chake mwenyewe, kisha akaamuru itangazwe kuwa kila mtoto wa Kiislamu atapewa posho tangu kuzaliwa. Khalifa hakumlaumu mama kwa kuchukua njia ile. Aliitazama amri yake mwenyewe iliyomsukuma huko, akaibadilisha. Waajiri Waislamu wenye maduka, shule na viwanda wana somo kubwa hapa. Nchini Tanzania sheria ya ajira ya mwaka 2004 imempa mama likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, siku 100 akijifungua watoto zaidi ya mmoja kwa pamoja, na muda wa kunyonyesha usiozidi saa 2 kwa siku wakati wa kazi. Haki iliyoandikwa na watawala bila kugongana na sheria ya Mwenyezi Mungu ni sharti ambalo Mwislamu hulitimiza, na msichana wa kazi aliyemwacha mwanawe mchanga kijijini ili alee wa tajiri wake ni mzazi pia.

Ramadhani ikimkuta mama katika mwaka huu wa kwanza wa mtoto, anaruhusiwa kufungua akihofia nafsi yake au mtoto. Akihofia nafsi yake atalipa siku zile tu, na akihofia mtoto peke yake atalipa na kutoa kibaba kimoja cha chakula kwa kila siku, kwa kauli mashuhuri ya Mashafi. Kulipa huko kunaweza kusubiri udhuru uondoke, na mume amkumbushe kwa upole badala ya kumhesabia deni.

Inapokaribia kutimia mwaka, mtoto aliyekuwa halali sasa anatambaa, anasimama dede kwa kushika ukingo wa kiti, na mama akiinama kurukuu humvuta ushungi, akisujudu humpanda mgongoni. Wengi hudhani sala hiyo imeharibika, wakaikata au wakampiga mtoto. Abu Qatada (R.A.) amepokea kwamba Mtume (S.A.W.) alisalisha watu hali amembeba mjukuu wake Umama, binti wa Bibi Zaynab, alipokwenda kusujudu alimweka chini, na aliposimama akambeba tena.