Nani Mwenye Haki ya Kumshukuru Kiongozi wa Wafanyakazi?

Utumishi, kwa maana iliyozoeleka, ni kazi inayofanywa kwa faida ya wengine, na kumuenzi mtumishi ni kutambua hadharani kwamba wengine hao wamefaidika. Maana hizo zinatosha. Kinachostahili mjadala ni desturi ya hafla za kuwaaga viongozi wa vyama vya wafanyakazi, ambapo mgeni rasmi, mara nyingi kutoka upande wa mwajiri, humsifu mstaafu kwa kuwa enzi zake hapakutokea mgomo, huku mkata miwa ambaye ada yake ndiyo iliyokiendesha chama akikaa nyuma kabisa ya turubai akisubiri soda. Sifa ya namna hiyo humpima mtumishi kwa usingizi mnono wa yule aliyepaswa kukoseshwa usingizi.

Katika ukanda wa Kilosa na Mikumi jambo hili si la nadharia tupu. Mashamba ya miwa ya Kilombero yametanda pande zote mbili za Mto Ruaha Mkuu, upande wa kaskazini ukiwa Kilosa, na mwaka 1986 polisi waliwapiga risasi wafanyakazi wa sukari waliokuwa wakidai haki zao, baadhi yao wakafa, wakati chama pekee cha wafanyakazi nchini kilikuwa JUWATA, jumuiya iliyokuwa chini ya chama tawala. Anayesifu utulivu mahali kama hapo hana budi kueleza ulikuwa utulivu wa nani.

Pingamizi linaloudhi kuliko yote, nalo halikosekani, ni lile lisemalo kwamba kiongozi alikuwa akilipwa, basi hadai kitu. Hoja hiyo huchanganya ujira na shukrani: ujira ni malipo ya muda na nguvu zilizotajwa katika mkataba, ilhali shukrani hujibu yale ambayo mkataba hauwezi kuyaagiza, kama vile kusimama kwenye mizani pamoja na vibarua wenye masizi ya miwa iliyochomwa na kukataa kuondoka mpaka uzito usomwe upya. Kama mshahara ungefuta shukrani, hakuna mwalimu wala mkunga ambaye angewahi kushukuriwa, na bado wasemao hivi huwapa walimu zawadi bila kusita. Isitoshe, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humtaka mwajiri kukata ada kwenye mshahara wa mwanachama aliyeridhia na kuiwasilisha chamani. Kwa hiyo mwenye haki ya kusema "tulishamlipa" ni mkata miwa peke yake, lakini kauli hiyo hutoka kwa watu ambao hawakuchangia hata senti. Wanachokikwepa si gharama ya zawadi, bali kukiri kwamba waliwahi kushindwa hoja na mtu aliyewakilisha vibarua. Kuhusu wale wanaohofu kwamba heshima inaweza kufunika hesabu mbovu za chama au ung'ang'anizi wa madaraka, hofu yao ni ya haki.

Historia nayo inaleta ugumu wake, kwani waasisi hawakuacha mfano wa kustaafu. Rashidi Kawawa, katibu mkuu wa kwanza wa TFL, yaani shirikisho la vyama vya wafanyakazi la Tanganyika lililoundwa mwaka 1955, aliingia serikalini, na alikuwa Waziri Mkuu mwaka 1962 ilipopitishwa sheria iliyobana migomo. Christopher Kasanga Tumbo, aliyeongoza mgomo wa reli wa siku 82 mwaka 1960 katika njia ileile inayopita Kilosa, alipelekwa London kuwa balozi, akajiuzulu, na baadaye akawekwa kizuizini. Victor Mkello wa wafanyakazi wa mashamba makubwa, wakiwamo wa mkonge, alihamishiwa Sumbawanga kwa amri ya serikali Januari 1963. TFL yenyewe ilivunjwa mwaka uliofuata. Ubalozi wa Tumbo ndio unaotatiza zaidi, kwa sababu ulikuwa heshima ya kweli na wakati huohuo ukamtenga na wanachama wake. Haielekei kuwa kuna kipimo cha kutenganisha mambo hayo mawili kwa kuutazama wadhifa peke yake.

Labda mtoaji ndiye wa kutazamwa, ingawa hata wanachama wanaweza kukodiwa kupiga makofi. Kwa sasa waandaaji wa hafla za Kilosa na Mikumi wampe mkata miwa kipaza sauti kabla ya mgeni rasmi, na wasimwandikie cha kusema.