Akiba Haiozi, Lakini Mahindi Huoza

Uliza kwa nini chini ya kitanda kuna pasi mbili mbovu, feni isiyozunguka na ndoo zisizo na mishikio, utajibiwa papo hapo: akiba haiozi. Methali hii imekuwa wakili wa kila stoo iliyojaa na kila kabati lisilofungika. Kesi hiyo haikuwa yake, na nadhani tunaionea.

Methali ya akiba ina harufu ya ghalani, na mtu wa ghala hahitaji kuambiwa kwamba vitu huoza. Mahindi yakiingia kihengeni kabla hayajakauka sawasawa huota ukungu wenye sumu. Yakikauka vizuri, yupo fukusi. Na tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, alipogunduliwa Tabora, yupo pia dumuzi, mdudu mwenye asili ya Amerika ya Kati, anayeweza kuliacha gunzi lililokuwa na punje kamili likiwa vumbi la unga. Ndiyo maana mkulima mwenye akili hupukuchua mapema, huanika, hutia dawa, hukagua, na yanayoelekea kuharibika huyapeleka jikoni kwanza. Anayefanya kazi hiyo yote kisha akasema akiba haiozi, hasemi habari za punje. Anasema habari za tendo la kujinyima leo kwa ajili ya haja anayoiona inakuja. Jasho la kujinyima huko ndilo lisilopotea; punje zenyewe zinataka ulinzi.

Kwa maana hiyo akiba ya kweli ina mwenyewe na ina siku yake. Hii ni mbegu ya msimu ujao. Hii ni ya miezi ya njaa kabla ya mavuno. Hii ni ada ya Januari. Rundo la chini ya kitanda halina siku; lina neno moja tu, "huenda".

Hata hivyo, sitaki kuidharau "huenda". Siku hizi yako mahubiri ya kutupa kila kitu ambacho hukukigusa kwa mwaka mzima, nyumba ibaki nyeupe, kiti kimoja na mmea mmoja. Mahubiri hayo yanamfaa anayeweza kwenda dukani kesho kununua tena alichokitupa. Aliyepanga chumba kimoja Manzese analihifadhi kopo la mafuta ya kupikia kwa sababu kesho ni kipimo cha unga na keshokutwa ni chungu cha mche wa pilipili. Fundi redio anayelala na maiti za redio kumi analala na vipuri vyake. Hao methali iko upande wao, na hakuna wa kuwafundisha kuishi na vichache.

Tatizo liko sebuleni, kwenye kabati la vioo. Humo mna seti ya chai yenye ukingo wa dhahabu, bilauri zilizopinduliwa juu ya kitambaa cha kufuma, na bakuli za supu ambazo chini yake bado pana karatasi ya bei. Ni vyombo vya wageni. Wageni wakija, mama anasita, kisha anasema, "Hebu leteni vile vya plastiki, hivi watoto watavivunja." Watoto wanakua, wanaoa na kuolewa, wanahama. Siku mama anapozikwa, ufunguo unakutwa umefungwa kwenye pindo la kanga yake, na kina shangazi wanaviosha vikombe kwa mara ya kwanza ili watu wa hitima wapate chai.

Kauri haiozi, hilo ni kweli kabisa. Vikombe vilikuwa vizima, bila ufa. Kilichooza ni zile jioni ambazo watu wa nyumba hiyo wangevinywea, na hizo hazianikwi wala hazitiwi dawa. Hapo ndipo akiba inapoharibika bila kutoa harufu.

Wala tusijidanganye kwamba maradhi haya yameletwa na maduka ya Kariakoo. Majumba ya waungwana wa Lamu katika karne ya 18 yalikuwa na kuta nzima za zidaka, na mengi ya mashubaka hayo ya chokaa yalipangwa kauri za China ili anayeingia ajue ameingia kwa nani. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, alipotunga Al-Inkishafi akiyatazama magofu ya Pate, alizikumbuka zidaka hizo hizo, zikiwa zimegeuka viota vya ndege. Kipya kinyemi, kingawa kidonda: raha ya kununua ni ya kale kuliko pesa za simu.

Dini nayo ina swali lake kwa mali iliyotulia. Katika Uislamu, fedha iliyofika nisabu, yaani kiwango cha chini cha kutolewa zaka, na kumaliza mwaka mzima wa mwezi mwandamo hutolewa zaka, asilimia 2.5. Lakini vyombo na samani za nyumbani havidaiwi zaka. Mwenye kabati hana wa kumuuliza.

Mtaani, lakini, wapo wanaoulizana. Wanawake wa vikoba wana sanduku lenye kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu tofauti. Fedha ikiingia haikai sana. Inakopeshwa, inakuwa unga wa mandazi au mtaji wa genge, inarudi na riba kidogo. Vikundi vingine huongeza sufuria kubwa za pilau, sahani kwa madazeni, viti na turubai, vikazunguka kutoka shughuli hadi shughuli: arusi Jumamosi, arobaini Jumapili. Jirani wa kikundi kama hicho hana haja ya sahani arobaini kabatini mwake. Sita zinamtosha, na za shughuli anajua ziko kwa nani. Chini ya kila sahani ya kikundi pamepakwa alama ya rangi ya kucha, na kijiko kikipungua aliyeazima analipa. Ukitaka kujua kikundi kina vijiko vingapi, katibu atakutajia bila kufungua daftari. Vya kabatini kwetu, nani amewahi kuvihesabu?